Galaksi Niliyoiongeza Changamwe

Hapa Mtopanga kuna wanaoniita Bi Nyota na kuna wanaoniita Bi Gesi, na wote hawakukosea. Kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa kupima gesi iliyoko kwenye galaksi za mbali mno, kwa kutumia mwanga wa nyota zilizokwisha kufa. Nilipomweleza hivyo jirani yangu mmoja, miaka hiyo ya tisini, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniomba nikamtazamie mtungi wake wa kupikia, maana ulikuwa ukivuja. Nikaenda. Nikaukaza mpira wa mtungi, nikanywa chai yake, nikarudi kwenye galaksi zangu.

Nyinyi vijana mnaokuja barazani kuniuliza kazi ile ilikuwaje, nitawaambia, ila msinidai mpangilio. Kichwa changu kina mambo mengi na hayakai foleni.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Kuna nyota kubwa ambazo zikifa hazifi kimya. Hupasuka na kutoa mmweko wa miale ya gama, miale ambayo jicho halioni, na mara nyingi mmweko huo umeshapita kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Nyuma yake hubaki mwanga wa kawaida, unaofifia saa baada ya saa mpaka unatoweka. Huo mwanga unaobaki ndio tulioukimbilia. Ukiwa safarini kuja kwetu hupenya gesi ya galaksi yake wenyewe, na pengine gesi ya galaksi nyingine zilizosimama njiani, na kila gesi hula rangi inazozipenda. Ukiutandaza mwanga huo kama upinde wa mvua, unakuta mapengo membamba pale palipoliwa. Tunayaita mistari. Huu wa magnesiamu, ule wa chuma, ule wa zinki. Na kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo mistari yake inavyosogea kuelekea upande wa rangi nyekundu. Kwa hiyo mistari inakwambia gesi ni ya nini, na kusogea kwake kunakwambia iko umbali gani.

Marehemu mama yangu, mkulima wa Mtongwe, nilipomweleza haya alisema ni sawa na kutazama pindo la kanga la mgeni. Likiwa na udongo mwekundu, amepita Kwale. Likiwa na tope jeusi, amekatiza mikokoni. Nikamwambia ndivyo hasa, ila pindo linaonyesha alikopita tu. Pengine ametoka nyuma zaidi.

"Na huyo mgeni wenu," mama akauliza, "ashafika ama yuwaja?"

"Mwanga wake umefika, mama. Mwenyewe ashakufa zamani."

"Basi msomee Yasini, mwanangu, uwache kumpima."

Sikuacha. Kazi ile niliipenda mno, na mpaka leo nikiona jua limepenya kwenye gilasi ya maji likamwaga rangi mezani, mkono wangu unatafuta rula.

Nilianza kama mwalimu wa fizikia katika chuo kimoja cha ufundi Likoni, miaka ya themanini. Mkuu wa maabara alikuwa Bi Zuhura, mama mfupi, mkali, aliyevaa buibui juu ya koti la maabara, si chini yake. Muhula wangu wa kwanza nilifundisha jaribio la moto: unachovya waya safi kwenye kemikali, unautia motoni, na rangi ya moto inakwambia kuna madini gani. Shaba hutoa kijani, potasiamu hutoa zambarau. Vitabu vyote vinasema hivyo. Pale Likoni, kila waya tulioutia motoni ulitoa manjano. Kijani ikianza tu, manjano inaifunika.

Manjano ni sodiamu, na sodiamu ni chumvi. Nikaamua ni wanafunzi. Nikawapekua mifuko, na wallahi sikukosea, maana nilikusanya mihogo ya kukaanga yenye chumvi na pilipili ya kujaza sinia. Nikawapeleka wote kunawa mikono kwa sabuni. Tukarudia. Manjano! Nikawashuku wamekula wakiwa kwenye mfereji. Bi Zuhura aliingia akanikuta nikifoka, akatazama moto, akatazama sinia, akatazama dirisha lililokuwa wazi kuelekea baharini.

"Mishi," akasema, "wawapekua watoto, na bahari je? Nayo utaipekua mifuko?"

Ndipo nikaelewa kwamba upepo ule mtamu uliokuwa ukitupoza ulikuwa ukileta chumvi na kuitandaza juu ya kila waya, kila meza, kila kidole. Bi Zuhura akafunga dirisha, akaosha waya mwenyewe kwa asidi, na kijani ikatokea. Kisha akanifundisha jambo lililonilisha maisha yangu yote: kabla hujasema umeona kitu cha mbali, ondoa kwanza kilicho chako. Chumvi ya hewa, uchafu wa kioo, mwanga wa taa, na zaidi ya yote hamu yako. Mihogo hatukuirudisha. Tuliila mimi na yeye, ofisini, na ilikuwa imekolea pilipili barabara.

Baadaye nilipata nafasi ya kwenda ng'ambo kujifunza kusoma mistari, na niliporudi nikaendelea kufanya kazi na kundi la huko nikiwa nyumbani. Wakati ule picha zilikuja kwa posta, zimekunjwa ndani ya bomba la karatasi ngumu. Nilizipima kwa lenzi na rula ya chuma. Nyinyi leo kompyuta inawapimia huku mnakula chipsi, nami siwaonei wivu, ila acheni niwaachie mawili matatu ambayo kompyuta haitawaambia.

Pima picha ikiwa imegeuzwa juu chini, ili jicho lisikimbilie linakotaka. Pima kabla ya chai, kisha pima tena baada ya chai, na ukipata majibu mawili usichague lile linalokufurahisha. Mpe mwenzako naye apime, na usimwambie umepata nini. Na usiuamini mstari mmoja ulio peke yake, hata ungekuwa mzuri vipi. Magnesiamu huja na mistari pacha. Ukiona mmoja, mtafute mwenzake.

Haya yote nilimfundisha Nafula, na hapa ndipo kisa kilipo.

Nafula alikuwa mwanafunzi wangu pale chuoni, mtoto wa Changamwe. Wazazi wake walitoka bara kuja kufanya kazi bandarini, lakini yeye alizaliwa na kulelewa kule karibu na uwanja wa ndege, na kwa adabu aliwashinda hata watoto wetu wa kizazi na kizazi. Ukimwita husikii "nini?" Unasikia "abee". Akiamkia, anaamkia mpaka shikamoo inaona haya. Kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko changu, na nililijua hilo tangu alipokuwa mwaka wa kwanza. Alipopata ufadhili wa kwenda kusomea nyota, nilimsindikiza uwanja wa ndege nikalia hapohapo, mbele ya baba yake, ambaye hakujua anipe leso au anipe kiti.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati wataalamu walipokuwa ndio kwanza wamegundua kwamba mimweko ile huacha mwanga nyuma, Nafula alipewa darubini kubwa kwa mara ya kwanza akiwa yeye ndiye msimamizi. Ilikuwa juu ya mlima, katika visiwa vya Pasifiki, mahali ambapo usiku wao ni mchana wetu. Mwenzake aliyekwenda naye alizidiwa na hewa nyembamba ya mlimani, akateremshwa. Nafula akabaki peke yake na fundi wa mitambo. Na siku hiyohiyo ndipo mmweko ukatokea.

Mambo yalikuwa hivi. Kundi lake lilipaswa kutoa tangazo fupi kwa wanajimu wa dunia nzima: nyota hii ilikufa katika galaksi iliyo umbali kadha, au zaidi. Wakilisoma, wengine wangegeuza darubini zao kabla mwanga haujafifia. Likiwa na kosa, wangegeuza bure, na nyota ile hairudii kufa. Profesa wake hakuwa mtu wa kusamehe. Alikuwa ameshamwambia waziwazi kwamba kwa usiku huo ataamua kama Nafula abaki katika kundi au nafasi apewe mwingine, na ufadhili wake ulikuwa umefungwa na nafasi hiyo. Akikosea, anarudi Changamwe na shahada nusu.

Naye akafanya kama nilivyomfundisha: akatafuta jicho la pili. Jicho lenyewe lilikuwa langu.

Alinipigia simu, na picha ikaja kwa faksi, enhe. Barua pepe ya chuo ilikuwa imelala wiki nzima. Faksi iliyokuwa karibu ilikuwa ya shemeji yangu Athmani, aliyekuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, ofisi yake Changamwe, chumba kimoja chenye mafaili mpaka darini. Nikampigia Nafula kumpa nambari, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikisubiri mwanga wa galaksi utoke kwenye mashine iliyokuwa ikitema stakabadhi za mchele na matairi.

"Mishi," Athmani akasema, "meli yangu ishatia nanga, na karatasi zangu zangoja nyota yako ipite?"

"Nyota imetoka mbali zaidi ya mchele wako, shemeji."

"Mchele walika!"

Picha ikatoka. Ilikuwa ukanda mrefu mweusi uliolala kukata ukurasa, kwa sababu wanajimu huchapa mwanga kwa weusi ili uonekane vizuri, na mistari ya gesi ikawa mapengo meupe ndani ya ukanda. Nikaigeuza juu chini. Nikatoa lenzi na rula. Nikapima, nikanywa chai ya Athmani, nikapima tena. Mistari pacha ya magnesiamu ilikuwepo, safi kabisa, na upande wa pili mistari ya chuma, yote ikisema umbali uleule. Moyo wangu ukatulia.

Kisha nikauona mmoja zaidi. Ulikuwa peke yake, kando kabisa, upande wa wekundu. Mweupe, mwembamba, umenyooka kuliko yote. Nikapiga hesabu. Kama huo nao ni magnesiamu, basi kuna galaksi nyingine, mbali mara dufu ya ile ya kwanza, na nyota ilikufa huko au nyuma yake. Pacha wake sikumwona. Nikasema, bila shaka amezama pale ambapo hewa yetu ya dunia hung'aa na kuchafua picha. Nikamtungia pacha udhuru kama mama anavyomtungia mwanawe aliyetoroka chuoni. Galaksi mpya! Hata Athmani aliona nimesimama.

Nikapiga simu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umepata pacha?"

Tukalinganisha. Vipimo vyetu vya pacha na vya chuma vilikubaliana.

"Na ule wa pekee, upande wa wekundu?"

"Upi, mwalimu?"

"Ule ulionyooka. Mbona waonekana hata na asiye na miwani?"

"Huku… mimi sijauona vizuri, mwalimu."

"Fungua macho, Nafula! Hiyo ni galaksi nyingine, tena ya mbali zaidi. Ukiiwacha, tangazo lako litakuwa nusu. Utie!"

Nilisikia mitambo ikinguruma huko mlimani.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Nikaweka simu chini nikiwa nimevimba kwa furaha. Nikamweleza Athmani kwamba ofisi yake imeingia katika historia ya sayansi. Hakunisikia. Alikuwa ameshika stakabadhi, uso umemkunjamana.

"Hebu tazama wanavyonitesa," akasema. "Forodha washanirudishia karatasi. Wasema nambari ya kontena haisomeki. Faksi hii yakata herufi, kila ukurasa, mahali pamoja!"

Akanipa. Kutoka juu ya ukurasa hadi chini, mstari mwembamba mweupe ulikuwa umepita katikati ya kila neno. Ulikuwa umekata jina la meli, umekata nambari ya kontena, umekata magunia ya mchele. Nikachukua picha ya nyota, nikailaza juu ya stakabadhi, nikainua vyote viwili dirishani. Mstari ukaangukia juu ya mstari, hapakubaki hata nafasi ya unywele.

Wanangu, nikageuka nikaitazama mashine. Kichwa cha kuchapia cha ile mashine kilikuwa na sehemu iliyokufa. Penye karatasi tupu pengo lake halikuonekana, penye weusi wa mwanga likajifanya galaksi. Mimi, niliyefundisha darasa baada ya darasa kwamba uondoe kwanza kilicho chako, nilikuwa nimechukua ubovu wa faksi ya Changamwe nikaupandisha mbinguni. Tena nikamlazimisha mtoto wa watu aubebe.

"Nipe simu," nikasema.

Athmani alikuwa ameshaishika, akizungumza na mwenye mchele, Karachi. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini alinitazama mara moja tu, akamwambia yule bwana, "Nitakurudia, yakhe, hapa pana msiba," akaniachia mkono wa simu.

"Nani kafa?" akaninong'oneza.

"Nimeongeza galaksi."

"Inna lillahi," akasema, bila kuelewa neno.

Nikapiga. Mlio wa mtu anaongea. Nikapiga tena. Ikaita, ikaita, ikakatika. Athmani sasa alikuwa amesahau mchele. Alisimama nyuma yangu akisoma nambari kwa sauti ili nisikosee, kana kwamba galaksi ile ilikuwa ya ukoo wetu. Niliona wazi, kama ninavyowaona nyinyi, Nafula akishuka kwenye ndege pale Airport na sanduku lake, na baba yake akinitafuta kwa macho. Kosa lingekuwa lake kwa ulimwengu mzima, nami ningekuwa nimekaa hapa ninakunywa chai. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika kazi hii.

Mwishowe simu ikapokelewa.

"Nafula! Ule mstari ufute! Ule wa pekee. Si wa mbinguni, ni wa faksi, ni wa hapahapa Changamwe!"

"Mwalimu," akasema polepole, "tangazo lishakwenda."

Athmani alinisogezea kiti.

"Lakini huo mstari haumo, mwalimu. Sikuutia."

"Hukuutia?"

"La, mwalimu. Niliutafuta tena baada ya simu yako, nikageuza picha juu chini, nikapima upya. Haukuwepo. Nikatuma pacha na chuma peke yake. Nimeandika umbali huo au zaidi."

"Lakini uliniambia sawa! Nimekusikia kwa masikio yangu!"

"Nilikuitikia, mwalimu. Wewe ni mwalimu wangu. Nitakukatalia vipi kwenye simu, na umegharimika kunipigia? Lakini sikuuona. Unisamehe sana."

Nilicheka huku machozi yananitoka, na sikuyafuta. Sijawahi kufurahi namna ile kwa kutotiiwa. Wanafunzi wengi walinitii maishani, wakaandika kila nilichosema, na sasa siwakumbuki majina. Tangazo lile lilisimama. Darubini nyingine zilielekezwa kule, zikaona kilichotakiwa kuonekana kabla mwanga haujaisha, na Nafula akabaki katika kundi mpaka akamaliza. Leo ana wanafunzi wake mwenyewe.

Lakini siku ile, kabla hatujakata simu, nilijikaza nikatoa sauti ya ualimu.

"Sikiza, Nafula. Siku nyingine nikikosea, usiniitikie. N'ambie hapana. Kavukavu, kwa mdomo wako. Wasikia?"

"Sawa, mwalimu," akasema.

Na mpaka leo sijui sawa ile ilikuwa ya namna gani.